Boti Ikizama, Nani Anadaiwa?

Tangu kilomita 66 za Mbinga hadi Mbamba Bay ziwekwe lami, Ziwa Nyasa limesogea karibu na Bombambili, hapa Songea. Kwaya, wanafunzi na familia za Songea hushuka huko kupumzika, na matembezi ya ufukweni huishia ndani ya boti ya kukodi. Ziwa hilo lina upepo wa mwera, unaogeuza maji tulivu kuwa mawimbi makali. Tarehe 30 Julai 1946 meli ya Vipya ilizama humo na kuua watu 145. Abiria wa matembezi akiumia au kufa leo, nani atawajibika? Mapokeo matatu ya sheria yanalijibu swali hili, kila moja kwa namna yake.

La kwanza ni la Kiingereza, ambalo Tanganyika ililipokea kwa sheria zilizokuwapo tarehe 22 Julai 1920. Mdai anapaswa kuthibitisha kwamba mwenye boti alikuwa na wajibu wa uangalifu kwake, kwamba aliukiuka, na kwamba ukiukaji huo ndio uliomdhuru. Kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932 ilitanua wigo wa wajibu huo hadi kwa watu wasio na mkataba wowote na mdaiwa. Kwa hiyo mtoto aliyelipiwa nauli na mjomba wake ana haki sawa na mjomba. Shida iko kwenye ushahidi, maana mzigo wote humwangukia aliyeumia, na nchini kwetu madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Mjane atathibitishaje kuwa boti ilijaza watu kupita kiasi, ikiwa hakuna aliyeandika majina ya abiria?

Fiqhi ya Kiislamu inaanzia kwingine. Majalla, mkusanyo wa sheria za dola ya Uthmaniya uliokamilika mwaka 1876, inawatenganisha watu wawili katika vifungu vya 92 na 93. Aliyedhuru kwa mkono wake hulipa hata kama hakukusudia. Aliyekuwa sababu ya mbali hulipa pale tu alipovuka mpaka. Nahodha aliyemgonga mwogeleaji yumo katika kundi la kwanza. Mmiliki aliyeamuru watu waongezwe huku amekaa ufukweni yumo katika la pili, na kujaza chombo kupita uwezo wake ni kuvuka mpaka. Mtu akiuawa bila kukusudiwa, diya, yaani fidia ya uhai wake, hubebwa na ukoo wa mkosaji, ili familia ya marehemu isikose haki kwa sababu mkosaji ni maskini. Mahakama za Tanzania Bara haziamui ajali kwa fiqhi, lakini hoja yake inatuhusu sote. Sisi ni wepesi wa kusema ajali ni kazi ya Mungu, tukazika na kunyamaza. Fiqhi, ambayo kudra ni sehemu ya imani yake, haimfutii mtu deni kwa sababu ya kudra.

Marekani ilikwenda njia ya kumlinda mwenye chombo. Sheria ya mwaka 1851 ilimruhusu kuwekea fidia kikomo cha thamani ya chombo baada ya ajali, iwapo yeye mwenyewe hakuujua uzembe uliotokea. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi iitwayo Conception iliteketea pwani ya California, ikaua watu 34 waliokuwa wamelala, bila mlinzi wa zamu ya usiku. Siku 3 baadaye wamiliki waliiomba mahakama kikomo hicho kitumike, na boti iliyoungua ilikuwa haina thamani tena. Hasira ya wafiwa ililisukuma Bunge la nchi hiyo kuziondoa boti ndogo za abiria katika kinga hiyo mwezi Desemba 2022. Nahodha alihukumiwa kifungo cha miaka 4.

Hapa Afrika Mashariki, tuyapime mapokeo hayo kwa MV Templar, boti ya starehe iliyozama Ziwa Victoria, upande wa Mukono nchini Uganda, tarehe 24 Novemba 2018. Zaidi ya watu 30 walikufa. Mamlaka zilisema chombo hakikuwa na leseni na kilibeba watu kupita uwezo wake. Mmiliki alikufa katika ajali hiyohiyo. Uganda, kama Tanzania, ina sheria ya uzembe ya Kiingereza, na kwa sheria hiyo haki ya wafiwa ni dhahiri. Lakini hukumu dhidi ya mtu aliyekufa hulipwa kutoka kwenye mirathi yake tu, kwa kadiri ya kilichomo.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo fiqhi inaposhinda, kwa sababu iliuliza mapema fedha zitatoka wapi. Ukoo uliolipa diya una mrithi wake wa leo, nayo ni bima ya abiria. Sheria ya Kiingereza inatuambia nani ana kosa, lakini bila bima na orodha ya majina haimlishi yatima. Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, pamoja na halmashauri za mwambao wa Nyasa, zisiruhusu boti ya matembezi kung'oa nanga bila vitu hivyo viwili, pamoja na jaketi la kuokoa maisha kwa kila kichwa. Nawe msafiri wa Bombambili, kabla hujapanda, andikisha jina lako na uulize bima. Ukijibiwa kwamba haipo, baki ufukweni.