Tamaa Mbele, Nani Nyuma?

Waswahili tuna msemo unaotosha kuwa muhtasari wa soneti moja ya William Shakespeare: tamaa mbele, mauti nyuma. Soneti hiyo ni ya 129 katika kitabu cha soneti 154 kilichochapishwa London mwaka 1609, na sijasoma shairi kali kuliko hilo kuhusu uchu wa mwili na majuto yanayoufuata. Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na muhula uliopita nilikaa nalo wiki kadhaa nikilitafsiri kwa ajili ya semina. Msamiati haukunisumbua sana. Kilichonisumbua ni swali la sarufi: nani anajuta?

Soneti ina mistari 14 tu. Ya Shakespeare kwa kawaida huwa na mafungu matatu ya mistari minne minne, kisha mistari miwili ya kufungia. Katika ya 129, mistari 12 ya kwanza ni kama sentensi moja inayokimbia bila kupumzika. Inaanza kwa lugha ya matumizi, kana kwamba mtu anapiga hesabu ya alichopoteza, halafu inatupitisha kabla ya tendo, wakati wa tendo na baada yake. Tamaa iliyokuwa ikiwindwa kama mnyama inageuka chambo kilichokwisha kumezwa. Mwishoni msemaji anatuambia kwamba haya yote yanajulikana na watu wote, na bado hayamzuii mtu.

Sasa tafuta nafsi ndani yake. Huioni "mimi" wala "wewe", na mwanamke hayumo kabisa. Nilipotafsiri, Kiswahili nacho kilinipa maficho yake, yaani kauli ya kutendwa. Tamaa inawindwa, inapatikana, inachukiwa. Inawindwa na nani? Ile -w- ndogo inameza mtu mzima. Nilipojaribu kauli ya kutenda, kitenzi kilidai kiambishi chake: ninawinda, anawinda, tunawinda. Lazima mtu ajitokeze, na shairi limejengwa ili asijitokeze.

Tazama majirani zake kitabuni. Katika soneti ya 128 mwanamke yupo: anapiga kinanda, na msemaji anavionea wivu vibao vinavyoguswa na vidole vyake. Katika ya 130 yupo tena, na nywele zake, pumzi yake na mwendo wake. Katikati, pale tamaa inapotajwa kwa ukali kuliko kwingine kote, ametoweka. Tunaelezwa aibu ilivyo bila kuambiwa ni aibu ya nani, au ilimfika nani mwingine.

Mazoea haya Shakespeare aliyakuta. Sir Thomas Wyatt, mmoja wa walioiingiza soneti katika Kiingereza kutoka Italia enzi za Mfalme Henry VIII, alitunga soneti ya mwindaji aliyechoka kumfukuza paa jike mwenye mkufu shingoni, mkufu unaotangaza kwamba ni mali ya mkubwa. Alikuwa akifuata shairi la Petrarca, lakini wasomaji wengi wamemwona Anne Boleyn ndani ya paa huyo. Mei 1536 Wyatt alifungwa katika Mnara wa London, na akatoka akiwa hai. Anne alikatwa kichwa humo humo tarehe 19 ya mwezi huo. Ndani ya soneti, anayeombewa huruma ni mwindaji, kwa sababu ya uchovu wake.

Nje ya ushairi, Uingereza ya wakati huo haikupenda majuto yasiyo na mwenyewe. Mahakama za kanisa zilisikiliza kesi za uzinzi, na adhabu ya kawaida ilikuwa kitubio cha hadharani. Mkosaji alisimama kanisani wakati wa ibada, amejitanda shuka jeupe, mara nyingi na fimbo nyeupe mkononi, akaungama mbele ya majirani. Huko "mimi" ilikuwa lazima, isipokuwa mtu akipata njia ya kuikwepa.

Kesi moja iligusa nyumba ya Shakespeare mwenyewe. Tarehe 10 Februari 1616 binti yake Judith aliolewa na Thomas Quiney, mfanyabiashara wa mvinyo wa Stratford. Tarehe 15 Machi mwanamke aitwaye Margaret Wheeler alizikwa mjini humo pamoja na mtoto wake mchanga. Tarehe 26 Machi Quiney alifika mbele ya mahakama ya kanisa, akakiri kwamba alilala na Margaret. Alihukumiwa kusimama na shuka jeupe Jumapili tatu. Kisha adhabu ikalegezwa: atoe shilingi tano kwa maskini wa parokia, na aungame mbele ya mchungaji katika kanisa dogo la Bishopton, akiwa amevaa nguo zake za kila siku. Siku moja kabla ya kesi hiyo Shakespeare alikuwa amebadilisha wosia wake. Alifariki tarehe 23 Aprili.

Soneti ya 129 haiwezi kuwa inazungumzia jambo hili, kwa kuwa ilichapishwa miaka saba kabla. Lakini ukiviweka pamoja, utaona vinafanana kwa kitu kimoja. Quiney alipewa na mahakama kile ambacho msemaji wa soneti alijipa mwenyewe: ungamo lisilosikiwa na majirani. Aibu ipo, tena inatamkwa, ila hakuna anayenyooshewa kidole.

Kuna aliyeandika kwa namna nyingine. Mwaka 1621 Lady Mary Wroth alichapisha soneti za Pamphilia, mwanamke anayempenda mwanamume asiyetulia, zikiwa mwishoni mwa hadithi yake ndefu iitwayo Urania. Mume wa Wroth alikuwa amefariki mwaka 1614 na kumwachia madeni makubwa. Baadaye alizaa watoto wawili na binamu yake William Herbert, Earl wa Pembroke, aliyekuwa na mke. Kati ya soneti zake zimo 14 zilizounganishwa kwa namna ambayo sisi tungeiita pindu: mstari wa mwisho wa soneti moja ndio unaoanza inayofuata, hadi wa mwisho kabisa unarudi kwenye ule wa kwanza. Msemaji wake yumo kwenye njia zinazopotezana, na anasema "mimi" tangu mstari wa kwanza. Urania ilipotoka, bwana mmoja mkubwa, Lord Denny, aliona mambo ya familia yake yamesimuliwa humo, akamshambulia Wroth kwa shairi la matusi. Kufikia Desemba mwaka huo huo, Wroth alikuwa akiandika barua kueleza kwamba ameagiza vitabu hivyo visiuzwe tena.

Soneti ya 129 bado naipenda. Inasema kweli kuhusu jinsi mtu anavyoweza kuuona mtego na bado akaingia. Lakini sijuti pamoja nayo kirahisi kama zamani, kwa sababu nimejifunza kuuliza nani ameachwa nje ya sentensi. Shairi linaposema kwamba watu wote wanajua, simfikirii tena mshairi. Ninamfikiria Margaret Wheeler, ambaye alijua kuliko wote. Amebaki katika maandishi mawili: rejista ya waliozikwa, na kesi ya mwanamume aliyelala naye. Katika yote mawili, waliomwandika ni watu wengine.