Amonia: Moto Mvivu Unaotaka Kupepewa

Kazi yangu ni kuandika programu, lakini leo tuache kompyuta kidogo tuongee juu ya moto.

Juzi jioni nilikuwa Kawangware, kando ya Barabara ya Naivasha, nikingoja mahindi choma. Mama muuzaji alikuwa akipepea makaa kwa kipande cha katoni. Makaa yakang'aa vizuri, lakini koroboi iliyokuwa kando ikazimika! Upepo ni ule ule. Moto mmoja umepata nguvu, mwingine umekufa. Basi hapo ndipo ilipo historia nzima ya amonia kama mafuta ya kuwasha.

Amonia ni gesi yenye harufu kali inayotengenezewa mbolea. Haina kaboni, hivyo ikiungua haitoi kaboni dayoksaidi. Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 jinsi ya kuitengeneza kutokana na naitrojeni ya hewani, na mwaka 1913 BASF wakafungua kiwanda Oppau, Ujerumani.

Tatizo ni kwamba amonia ni mvivu kuwaka. Katika hewa tulivu, mwali wake husonga kama sentimita 7 kwa sekunde. Gesi yetu ya mtungi hufika karibu 40, na hidrojeni hupita 200.

Wabelgiji walilijua hilo mwaka 1943. Vita vilikuwa vimeleta uhaba wa dizeli, wakaamua kuendesha mabasi kwa amonia. Peke yake ilisumbua, kwa hiyo wakaichanganya na gesi ya makaa ya mawe, yenye hidrojeni nyingi. Mabasi yakatembea. Vita vilipokwisha mafuta yakarudi, na wazo hilo likawekwa kando.

Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1940, Mjerumani Gerhard Damköhler alikuwa ameeleza kazi ya msukosuko wa hewa. Msukosuko hukunja uso wa mwali kama kitambaa. Mikunjo ikiongezeka, eneo linalowaka huongezeka, na mafuta huungua haraka. Lakini ukizidi, mwali hunyoshwa na kupoa hadi ukazimika. Ile koroboi!

Sasa changanya amonia na hidrojeni. Molekuli za hidrojeni ni nyepesi, hukimbilia sehemu za mwali zilizochomoza mbele. Mafuta yakiwa kidogo kuliko hewa, sehemu hizo huwaka kwa ukali zaidi, na mwali huhimili msukosuko ambao ungeizima amonia tupu. Ndiyo maana mchanganyiko una tabia ambayo huwezi kuikisia kwa kujumlisha tu kasi za gesi hizo mbili. Inabidi upime, au uandike programu nzito sana.

Mwaka 2024 kampuni ya JERA ya Japani ilijaribu amonia katika mtambo wa megawati 1,000 huko Hekinan, ikachukua nafasi ya asilimia 20 ya makaa ya mawe. Kazi kubwa ilikuwa kuzuia naitrojeni isigeuke oksaidi zenye sumu.

Na sisi je? Septemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi pale KICC, katikati ya jiji, Kenya ilizindua mkakati wake wa hidrojeni ya kijani, na mbolea ikapewa kipaumbele. Mwaka huo huo, ukifuata njia ya Kangemi na Limuru hadi Naivasha, shamba la Kenya Nut huko Morendat lilipata mtambo wa kutengeneza amonia kwa umeme wa jua, uliokusudiwa kutoa tani moja kwa siku.

Tani moja unaweza kuichoma au kuipeleka shambani. Huwezi kufanya yote mawili. Mwaka 2022 mfuko wa mbolea wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000. Mimi nasema tushibe kwanza. Wenye mitambo ya makaa ya mawe waendelee kujifunza kupepea moto huu mvivu. Sisi mahindi yetu hayajaota bado.

Haya, tukutane wiki ijayo.