Mto Rufiji Ulipohama

Ndugu mkulima, na hasa wewe unayelima karibu na bahari, leo tuzungumze historia ya maji na tope katika delta ya Mto Rufiji. Huenda utauliza, tope nalo lina historia gani? Linayo, maana mpunga wa delta haukulimwa siku zote pale unapouona leo. Uliufuata mto.

Rufiji hukusanya maji ya eneo la kilomita za mraba zipatazo 177,000, na mengi hutoka upande wa Kilombero. Ukikaribia bahari mto hugawanyika matawi mengi, katikati ya misitu ya mikoko. Wakati wa masika mto hujaa. Maji baridi huyasukuma maji ya chumvi yarudi baharini, na tope jipya hutua mashambani: mchanga mzito hubaki kingoni, tope laini huenda mbali na kutulia penye mikoko. Kiangazi mto huishiwa nguvu, na bahari nayo hupanda. Siku za bamvua chumvi huingia ndani zaidi kuliko siku za maji mafu. Basi shamba lile lile laweza kuwa na maji matamu mwezi wa Mei na maji ya chumvi mwezi wa Oktoba. Wazee wa delta walilijua jambo hili bila kipimo chochote. Waliyaonja maji.

Zamani maji mengi ya mto yalipita matawi ya kusini. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1978, mkondo mkuu ukahamia kaskazini. (Usichanganye na uhamisho wa wakulima wa bondeni wa mwisho wa miaka ya 1960. Ule ulikuwa wa watu, huu ni wa mto wenyewe.) Kusini maji baridi yakapungua, chumvi ikapanda, mpunga ukakataa. Wengi wakachukua majembe yao wakaenda kaskazini, na huko wakafyeka mikoko ili wapate mashamba.

Miaka ya mwanzo walivuna vizuri. Kisha yakaja magugu, na kaa wakawa wanakata miche. Mtu akaliacha shamba, akafyeka jingine. Tena tope la mikoko lina siri yake. Ukilichimba linanuka kama yai viza, kwa sababu lina kiberiti ndani. Likikaa majini halina neno. Likikauka na kupigwa na hewa, hugeuka tindikali, ukaona madoa ya manjano, na mmea hauna raha hapo. Kwa maoni yangu wakulima hawa wamelaumiwa kupita kiasi. Mto umekuhama, wewe ungekaa ule chumvi? Lakini shamba la mikoko halikai miaka mingi, na ukingo uliokuwa ukishikwa na mizizi ile hubaki wazi mbele ya mawimbi.

Sasa limeingia jambo jingine. Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere, huko juu mtoni, lilianza kujazwa maji. Bwawa hushika mchanga na tope, na hubadili majira ya maji. Maji ya kiangazi yakiongezeka, chumvi yaweza kusukumwa nyuma, na hiyo ni heri. Tope likipungua, mbolea ile ya bure nayo hupungua. Wala usidhani mafuriko yamekwisha, maana Aprili 2024 mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti yalikuwa chini ya maji.

Kwa hiyo kalenda ya babu peke yake haitoshi tena. Kabla ya kupandikiza, nenda mferejini siku ya bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa. Onja, uteme. Yakiwa na chumvi, ngoja mvua zizidi, kisha uonje tena bamvua inayofuata. Andika daftarini tarehe, ladha ya maji, na unene wa tope lililobaki baada ya mafuriko kushuka. Bwana shamba akipita, mwonyeshe daftari hilo kabla hajaanza kukushauri mbegu.