Kitanda Kimoja, Wagonjwa Wawili: Upasuaji wa Moyo Wakati wa Magonjwa ya Mlipuko

Upasuaji wa moyo hauishii pale kifua kinaposhonwa. Mgonjwa hutolewa chumba cha upasuaji akiwa bado na mpira kooni, mashine ikimpumulia, na kulazwa katika wodi ya wagonjwa mahututi chini ya macho ya muuguzi asiyebanduka. Kitanda hicho, mashine hiyo na muuguzi huyo ndivyo anavyovihitaji pia mtu ambaye mapafu yake yameshindwa kwa maambukizi. Kwa sababu hiyo, upasuaji wa moyo na magonjwa ya mlipuko vimekuwa vikikutana kwa zaidi ya miaka 70 sasa.

Wodi ya wagonjwa mahututi yenyewe ni zao la mlipuko. Mwaka 1952 polio iliukumba mji wa Copenhagen, Denmark. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja tu, yaani mtungi mkubwa wa kumlaza mgonjwa ndani, na mashine sita ndogo za kufungwa kifuani. Katika wiki tatu za mwanzo, wagonjwa 31 walipumuliwa kwa mashine hizo, 27 walikufa. Mganga mkuu, H.C.A. Lassen, akamwita daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen. Agosti 27, msichana wa miaka 12 alitobolewa koo chini ya zoloto, akaingizwa mpira uliounganishwa na mfuko wa hewa. Alipaparika sana na hewa ikagoma kuingia, hadi Ibsen alipompa dawa ya usingizi. Alipotulia, kifua kikawa kinajaa kila mfuko ulipominywa. Msichana akanusurika.

Mashine za kuwatosha wote hazikuwapo, hivyo wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 waliitwa kwa zamu kukaa kando ya vitanda na kuminya mifuko, usiku na mchana. Mlipuko ulipofikia kilele, wagonjwa 70 walipumuliwa kwa mikono kwa wakati mmoja. Vifo vilishuka hadi chini ya nusu ya wagonjwa waliopumuliwa. Mwaka uliofuata, Ibsen alianzisha wodi maalumu ya wagonjwa wa aina hiyo.

Mwaka huohuo, Mei 6, 1953, John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, aliziba tundu katika moyo wa msichana wa miaka 18 huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu kwa dakika 26. Mashine ya Gibbon iliwezesha moyo kufunguliwa. Wodi ya Ibsen ilimpa mgonjwa mahali pa kuamkia. Baadaye upasuaji wa moyo ulianza kulipa deni lake kwa wodi hiyo iliyozaliwa na mlipuko. Mashine ya upasuaji ilirekebishwa ili iitie damu oksijeni nje ya mwili kwa siku kadhaa, ikaitwa ekmo, na katika mlipuko wa mafua ya H1N1 wa mwaka 2009 ikatumika kuwaokoa watu ambao mapafu yao yalikuwa yameshindwa kabisa.

UVIKO-19 ilipoingia mwaka 2020, pande zote mbili zilikigombea kitanda kilekile. Lombardia, kaskazini mwa Italia, kati ya vituo 20 vya upasuaji wa moyo vilibaki vinne tu vya kupokea dharura za mkoa mzima. London nayo ilikusanya dharura hizo katika hospitali za St Bartholomew's na Harefield. Foleni ikapangwa upya: aliyechanika mshipa mkuu wa damu aliingizwa usiku uleule, mwenye vali iliyobana sana alisubiri siku chache, aliyeweza kuvumilia alirudishwa nyumbani na dawa. Wauguzi wa upasuaji na waendesha mashine za moyo walihamishiwa wodi za UVIKO.

Watafiti walianza kuhesabu mapema. Nchini Marekani, upasuaji wa moyo kwa watu wazima ulipungua kwa zaidi ya nusu Aprili 2020. Uingereza, waliolazwa kwa mshtuko wa moyo na maradhi yanayofanana nao walipungua kwa asilimia 40 hadi mwisho wa Machi. Mioyo haikuwa imepona, bali watu waliogopa hospitali. Utafiti wa CovidSurg kuhusu upasuaji wa kila aina ulifuatilia wagonjwa 1,128 wenye maambukizi katika nchi 24: asilimia 23.8 walifariki ndani ya siku 30, na nusu walipata matatizo ya mapafu. Mwaka 2021, kundi hilohilo lilichunguza wagonjwa 140,231 na kushauri kwamba, inapowezekana, aliyeugua UVIKO asubiri angalau wiki saba kabla ya kupasuliwa.

Nchi zilizotegemea kambi za upasuaji wa moyo za madaktari wageni zilikuwa na tatizo jingine: ndege ziliposimama, kambi nazo zilisimama. Tanzania ilikuwa tayari na mahali pake pa kazi hiyo. Upasuaji wa moyo ulianza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2008, na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ikasimama yenyewe mwaka 2015.

Kutokana na hayo, hospitali nyingi zilijifunza kupima kila mgonjwa kabla ya kumpasua, kutenga wodi isiyo na maambukizi, na kuacha vitanda vichache vya moyo visivyoguswa hata mlipuko unapofika kilele.