Ufunguo Uliohama: Historia Fupi ya Kichwa cha Gitaa la Besi

Kikundi chetu cha vijana hapa Nyarugusu kiligombana wiki nzima kwa ajili ya tundu moja. Kichwa cha gitaa letu la besi kilipasuka kwenye ncha, pale unapokazwa uzi mwembamba. Vijana walitaka kutoboa tundu jipya upande wa pili. Mzee aliyevuka Ziwa Tanganyika na gitaa hilo akakataa: "Msilitoboe. Liacheni kama lilivyotoka nyumbani."

Basi nikaanza kutafuta historia, nikakuta kwamba funguo za besi hazijawahi kutulia mahali pamoja.

Besi kubwa ya kusimama, ile inayopigwa kwa upinde, zamani ilikuwa na vigingi vya mbao tu. Nyuzi zake ni nene, zinavuta sana, na vigingi vinateleza. Karne ya 18 mafundi wakaanza kutia gia za chuma. Bachmann wa Berlin anatajwa sana. Kazi ya gia ni rahisi: unazungusha ufunguo mara nyingi, mhimili unazunguka kidogo, na uzi hauwezi kuurudisha nyuma.

Mwaka 1951 Leo Fender, kule Fullerton, California, alitoa gitaa la Precision Bass. Funguo 4 zilipangwa mstari mmoja, upande mmoja. Nyuzi zilinyooka vizuri, lakini kichwa kikawa kirefu. Uzito ule mwishoni mwa shingo nao unatikisika, yaani unakula sauti. Wapiga besi wanajua: uzi mwembamba, karibu na freti ya 5 hadi ya 7, sauti inakufa haraka.

Mwaka 1976 kampuni ya Music Man, ambayo Fender huyohuyo alikuwa ndani yake, ikatoa StingRay: funguo 3 juu, 1 chini. Kichwa kikafupika. Karibu na 1980 Ned Steinberger akaondoa kichwa kabisa, funguo akazipeleka mkiani.

Nilimweleza mzee yote hayo. Akauliza, "Kumbe aliyezipanga ndiye alihamisha?" Akanyamaza kidogo. "Haya, toboeni. Lakini kile kipande kilichopasuka msitupe."

Tundu bovu tuliliziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, tukaliacha mpaka asubuhi. Kisha tukatoboa upande wa chini kwa keekee ya mkono, polepole. Ufunguo ule sasa unazungushwa kinyume na wenzake watatu, na kila mtu anakosea mara ya kwanza.

Ndugu zetu wa mashirika, mkituletea funguo, tafadhali leteni na skrubu zake, maana matundu hayalingani.

Jumapili mzee alipiga mwenyewe. Alikosea ufunguo, akacheka, akazungusha upande wa pili.