Kiwanda Kilipopata Mlango wa Pili

Aprili 1954 Malkia Elizabeth II alizindua bwawa la Owen Falls mjini Jinja, na umeme wake ukaipa Kampala nguvu ya kuwa mji wa viwanda. Uganda Breweries ilikuwa Port Bell, Luzira, tangu 1946, na Shirika la Maendeleo la Uganda lilikuwa na umri wa miaka 2 tu. Maadui wa kiwanda cha siku hizo walijulikana: moto, mwizi, boila mbovu. Mashine iliwashwa kwa swichi, vali ilifungwa kwa mkono, na aliyetaka kuhujumu ilimbidi kwanza apite getini. Ulinzi ulikuwa ukuta, kufuli na askari wa zamu ya usiku.

Askari huyo bado yupo, kuanzia Luzira hadi eneo la viwanda la Namanve. Anapekua buti za magari na kuandika namba kitabuni. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kiwanda anachokilinda kimepata mlango wa pili, ambao yeye hauoni.

Mlango huo ulianza kuchongwa Marekani. Mwaka 1968 mhandisi Richard Morley alibuni kompyuta imara ya kuendesha mashine, ichukue nafasi ya makabati yaliyojaa nyaya na swichi. Mwaka 1979 kampuni ya Modicon ikatoa Modbus, utaratibu ambao mashine za viwandani huutumia kuwasiliana mpaka leo. Modbus haiulizi wewe ni nani. Ukiamuru vali ifunguliwe, inafunguliwa. Waliobuni hawakuwa wazembe. Vifaa hivyo vilikaa ndani ya chumba kilichofungwa, na kila aliyeingia humo alijulikana.

Uganda ilichelewa. Kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na vurugu zilizofuata vilizorotesha viwanda vingi, na vilipofufuka miaka ya 1990 vilikuta dunia imekwisha kuhamia kwenye mashine zinazoendeshwa na kompyuta. Umbali ulikuwa ngao. Intaneti ilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole, mpaka kebo ya baharini ya SEACOM ilipofika pwani ya Afrika Mashariki Julai 2009. Mwaka uliofuata ikagunduliwa Stuxnet, programu iliyoundwa kuharibu mashine za kurutubisha urani huko Natanz, Iran, kituo ambacho hakikuunganishwa na intaneti kabisa. Inaaminika iliingia kwa flashi.

Kampala nayo ilikuwa ikijiunganisha, kwa sababu za maana. Novemba 2019 Mamlaka ya Mapato ilianzisha stempu za kodi za kidijitali, na bia, soda na maji ya chupa vikaanza kuhesabiwa vikiwa bado kiwandani. Machi 2020 uwanja wa Entebbe ulifungwa kwa abiria kwa sababu ya korona. Fundi wa ng'ambo aliyezoea kuja na begi lake hakuweza kuja, na njia iliyobaki ilikuwa kuihudumia mashine kutoka mbali. Januari 2021 ankara za kielektroniki za EFRIS zikawa lazima. Sisemi kodi ni kosa, wala kuihudumia mashine kutoka mbali ni kosa. Nasema kila uzi mpya uliovutwa kuingia kiwandani ulihitaji mtu wa kuulinda.

Tulichokilinda zaidi ni pesa. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, katika kifungu cha 20, inaweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa anayeshambulia kompyuta za ulinzi wa nchi, mawasiliano, mabenki au huduma za umma. Viwanda havikutajwa. Mwaka 2013 watu 4 walitiwa hatiani kwa kuingilia kompyuta za Mamlaka ya Mapato. Oktoba 2020 wadukuzi waliingia katika mfumo wa Pegasus Technologies, unaounganisha pesa za simu na benki, na MTN, Airtel na Stanbic zikasitisha miamala baina yao. Novemba 2024 serikali ilikiri kwamba akaunti zake katika Benki Kuu ziliingiliwa. Miezi michache baadaye maofisa wa Wizara ya Fedha wakafikishwa mahakamani. Kila tukio liliishia kwenye hesabu ya shilingi zilizopotea, na mjadala nao ukaishia hapo.

Lakini kiwanda kinaweza kuangushwa bila kuibiwa hata senti. Juni 2017 kirusi cha NotPetya kilitoka Ukraine na kuikumba Maersk, kampuni ambayo meli zake hutuletea makontena kupitia Mombasa. Ililazimika kuweka upya kompyuta 45,000 na seva 4,000. Nakala za mfumo mkuu wa kutambua watumiaji zilifutika duniani kote, isipokuwa moja: iliyokuwa Ghana, ambako umeme ulikatika kabla ya kirusi kufika. Diski hiyo ilibebwa mkononi kwa ndege hadi Nigeria, mwingine akaipokea na kuipeleka Uingereza. Mkazi wa Kampala aliyezoea mgao wa umeme anaelewa hilo haraka: kilichookoa shirika hilo ni nakala iliyokuwa haijaunganishwa na chochote. Kiwanda chochote chaweza kuwa na nakala kama hiyo kwa hiari, bila kungoja umeme ukatike.

Mengine pia hayahitaji utajiri. Mtandao wa ofisi utengwe na ule wa mashine. Njia ya fundi wa ng'ambo ifunguliwe anapohitajika, kisha ifungwe. Aliyeacha kazi afutiwe ruhusa siku hiyohiyo. Huko Maroochy, Australia, mwaka 2000, mtu aliyewahi kufanya kazi kwa mkandarasi wa mitambo ya majitaka aliamuru pampu kwa redio na kumwaga lita 800,000 mitoni na kwenye bustani. Na mwaka 2017, Saudi Arabia, programu ya Triton ililenga vifaa vya usalama vinavyozima mtambo kabla haujalipuka. Uganda inayojenga bomba la mafuta la kilomita 1,443 hadi Tanga haina sababu ya kuyaona hayo kuwa ya mbali.

Norsk Hydro, wazalishaji wa alumini wa Norway, waliposhambuliwa na wadukuzi Machi 2019 walikataa kuwalipa fidia waliyodai. Waliendesha sehemu ya kazi kwa karatasi na mikono, wakisaidiwa na wastaafu waliokumbuka namna ya zamani. Kampala ina mafundi wa aina hiyo, waliojua boila kwa mlio wake kabla ya skrini kuja. Wengi wao wamestaafu, na wanachokijua bado kinaweza kuandikwa.