Chokaa ya Kakontwe, Jiwe la Shinkolobwe

Baba yangu alichoma chokaa hapa Kakontwe, mtaa wetu wa Likasi, Kongo, miaka yote niliyomjua akiwa na nguvu. Alirudi jioni nyusi zikiwa nyeupe kama za mzee, na mama alikuwa amekwisha kumwekea ndoo ya maji na kichupa cha mafuta ya mawese kwa ajili ya mikono yake. Sheria ya nyumbani ilikuwa moja: asiguse maji kabla hajakung'uta nguo pembeni ya lupango, yaani ua wa nyumba yetu. Chokaa ambayo haijazimwa ikikutana na maji inachemka, na ikichemkia juu ya ngozi inaila. Siku mwenzake mmoja alipopigwa na chokaa machoni, habari zilitufikia kabla yeye hajafikishwa hospitali. Watoto walikimbia nyumba hadi nyumba. Anayeungua kwa chokaa hupiga yowe, na jirani akisikia yowe hutoka.

Nilifundisha kemia kwa miaka 31 hapa Likasi. Kila mwaka nililirudia somo hilo kwa kipande cha chokaa na kijiko cha maji. Wanafunzi waliona mvuke, waligusa sahani wakaondoa vidole haraka, na baada ya hapo hapakuwa na haja ya maneno mengi. Kisha daima aliinuka mmoja kuuliza juu ya jiwe jingine, lile la Shinkolobwe, kilomita kama 20 kutoka mjini kwetu. Hapo sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Jiwe lile halitoi mvuke, halinuki, haliungui mkononi. Anayelibeba haoni sababu ya kupiga yowe, na kwa hiyo lazima awepo mtu wa kusema kwa niaba yake. Historia ya Shinkolobwe, kwa jinsi ninavyoisoma mimi, ni historia ya mtu huyo kukosekana.

Wazee husema shinkolobwe ni tunda: ukilichemsha, nje linapoa upesi, lakini ukilibana linakuchoma vidole kwa moto uliobaki ndani. Sijui jina bora kuliko hilo. Mwaka 1915 mtafuta madini Mwingereza, Robert Rich Sharp, aligundua pale mawe yenye urani. Uchimbaji ulianza 1921 chini ya kampuni ya Union Minière, na mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji, kutolewa radiamu. Radiamu ndiyo iliyokuwa mali. Hospitali zilihitaji, viwanda vya saa vilihitaji. Urani yenyewe ilikuwa kama makapi, ikitumika kutia rangi vyombo vya udongo na vioo. Wataalamu wa mawe waliyapa madini ya pale majina ya wakubwa wa sayansi, becquerelite na sklodowskite, na moja wakaliita kasolite, kwa jina la Kasolo, mahali penyewe.

Mjomba wa mama yangu aliwahi kuishi kule, akarudi na jiwe moja la manjano lenye michirizi ya kijani. Lilikuwa zuri kweli. Akalitumia kushikilia mlango usipigwe na upepo, na sisi watoto tulilikalia tukimsubiri atupe karanga. Lilikaa pale miaka. Hakuna aliyelificha na hakuna aliyeliogopa. Mimi mwenyewe nimelishika kwa mikono hii, nikalilamba ili rangi yake ing'ae, kama watoto wanavyofanya kwa mawe ya mtoni.

Vita vilipoingia Ulaya, mkurugenzi wa Union Minière, Edgar Sengier, aliamuru tani zipatazo 1,200 za mawe yaliyokwisha kuchimbwa zipelekwe New York kupitia bandari ya Lobito. Zilikaa katika mapipa ya chuma ndani ya ghala moja kisiwani Staten Island hadi tarehe 18 Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols alipoingia ofisini kwa Sengier kuulizia urani. Alitoka na karatasi ya manjano yenye sentensi 8, na mawe yakawa ya jeshi la Marekani. Yalikuwa na oksidi ya urani kwa kiasi cha asilimia 65, wakati kwingineko mawe yasiyofikia hata asilimia moja yalihesabiwa kuwa mazuri. Shimo, lililokuwa limefungwa na kujaa maji, likafunguliwa tena. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945, ilitoka katika ardhi hii.

Naomba msomaji asimame hapa nami. Tangu siku ya karatasi ile ya manjano, kulitaja jina la Shinkolobwe kukawa hatari kwa vita, kisha hatari kwa siasa. Siri ina sababu zake wakati wa vita, na sizikatai. Lakini siri haichagui. Ukimkataza mtu kusema jiwe linakwenda wapi, umemkataza pia kusema jiwe limemfanya nini. Nchi nyingine zilizoshika urani zilijenga baadaye desturi ya kuandika: nani ameingia shimoni, amekaa saa ngapi, kipimo chake kimesoma nini. Sisi tulirithi desturi ya kunyamaza, na mwaka 1960 shimo lilipofungwa kwa zege, ukimya haukufungwa nalo.

Hata dunia kubwa ilijifunza kwa kuchelewa. Kinu cha Chernobyl kilipolipuka tarehe 26 Aprili 1986, taarifa ya kwanza haikutoka kwa mwenye kinu. Wafanyakazi wa kinu cha Forsmark, Sweden, walikuta mionzi kwenye viatu vyao siku mbili baadaye, wakaanza kuuliza inatoka wapi. Kabla mwaka haujaisha kulikuwa na mkataba wa kimataifa wa kupeana taarifa mapema, na kufikia 1990 kulikuwa na ngazi ya kupima matukio, kutoka 0 hadi 7, ili hata mtu asiyejua fizikia aambiwe ukubwa wa jambo kwa tarakimu moja. Niliichora ngazi hiyo ubaoni kila mwaka. Nchi yetu wakati huo haikuwa ngeni katika mambo haya: kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika kiliwashwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1959. Na fimbo mbili za mafuta ya nyuklia zilizoibwa huko hazikujulikana ziliko hadi moja iliponaswa Italia mwaka 1998, mikononi mwa wahalifu. Ya pili haijaonekana.

Huku kwetu, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana walirudi Shinkolobwe kwa sururu na mifuko wakitafuta kobalti. Wengine walikuwa wanafunzi wangu. Kobalti ya pale hutoka imechanganyika na urani, na mfuko wa nailoni hauchagui. Rais alitoa amri ya kufunga eneo hilo Januari 2004. Julai mwaka huohuo ardhi ikaporomoka na kuua watu 8. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikuja kupima, ukaonya juu ya kuporomoka zaidi na juu ya mionzi inayomwingia mtu kidogo kidogo kwa muda mrefu. Maporomoko yaliandikwa na magazeti ya dunia kwa sababu yalikuwa na maiti na vumbi. Hiyo kidogo kidogo haina picha.

Kisha ikaja 2007. Shehena ya madini ilikamatwa, ikapimwa, ikakutwa na mionzi kupita kiasi; waziri wa mazingira wakati huo, Didace Pembe, alisema ni mara 50 ya kiwango kinachovumilika. Amri ilikuwa yakazikwe Shinkolobwe. Zaidi ya tani 15 zikamwagwa katika mto Mura, karibu na Likasi. Nilisikia kwenye redio nikiwa napika bukari, nikaacha mwiko ndani ya sufuria. Asubuhi mama mmoja wa Kakontwe alinisimamisha njiani akiwa na kidumu kichwani. “Mwalimu, ile mayi tutakunywa ao tutaiacha?” Nikaenda ofisi moja mjini kuulizia. Niliambiwa kuwa ripoti imekwisha kupelekwa juu. Nikauliza iliyoshuka chini iko wapi. Yule kijana aliniangalia kwa heshima, na niliona wazi kwamba swali hilo hakuwahi kuulizwa.

Sheria ipo. Tangu 2002 tunayo sheria ya kujikinga na mionzi, na kamati ya taifa ya kuisimamia. Ninachokililia ni ile nusu ya pili ya njia, kutoka ofisini kurudi kwenye kidumu. Sisi wa Kakontwe tunakaa juu ya mawe ya chokaa, na mawe haya yana matundu. Tabaka zima la miamba linalofika hadi Zambia wanajiolojia wamelipa jina la mtaa wetu. Maji hupita ndani yake kama kwenye kapu. Kinachomwagwa juu ya miamba ya namna hii kinaweza kutokea mbali, kwenye chemchemi ya mtu asiyejua lolote.

Tangu mwaka ule wa 2007 nina daftari la shule, lenye jalada la buluu. Nimelipigia mistari ya safu tano: tarehe, mahali, kilichoonekana, aliyeona, aliyeambiwa na akajibu nini. Watu hunijia. Lori lililopinduka na kumwaga mawe, maji yaliyobadilika rangi, mifuko iliyoachwa nyuma ya ukuta wa soko. Sina kipima mionzi, kwa hiyo naandika tu walichoona. Safu ya tano ina nafasi nyeupe nyingi. Alhamisi iliyopita mjukuu wa mama yule wa kidumu alikuja na jiwe la manjano ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimwambia aliweke chini mbali na nyumba, anawe mikono, kisha tukaandika pamoja, yeye akishika kalamu.